Nyonga za vijana wa SS Lubumbashi: proteze kwanza, au kinesi kwanza?

Kila inapokaribia tarehe 19 Juni, siku ya kimataifa ya drepanositozi (ugonjwa wa selimundu), Lubumbashi hurudi kwenye mjadala uleule. Upande mmoja unasema: vijana wetu wa SS, yaani waliorithi ugonjwa huo kwa baba na kwa mama, wanatembea kwa magongo wakiwa na miaka ishirini na kitu, nyonga zao zimekufa, na madaktari wa Ulaya wamekuwa wakibadilisha nyonga tangu miaka ya 1960, John Charnley alipoufanya upasuaji huo kuwa wa kawaida kule Uingereza. Basi mji huu, ambao udongo wake unatoa kobalti inayotengenezea nyonga hizo, uwe na idara yake ya proteze, yaani nyonga bandia. Upande wa pili, wengi wao wauguzi na madaktari, unasema: ngojeni. Kwanza radio (picha ya eksirei), kwanza kinesi (mazoezi ya tiba, na mtaalamu anayeyasimamia), kwanza dawa.

Upande huu wa pili umezomewa sana. Umeitwa ubahili, umeitwa tiba ya maskini. Naona umehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Jinsi nyonga inavyokufa wengi hapa wameiona ndani ya familia, kwa hiyo nitapita haraka. Chembe nyekundu za damu zikijikunja umbo la mundu huziba mishipa midogo. Kichwa cha fupa la paja kinalishwa na mishipa michache tu. Damu ikikatika, mfupa unakufa ukiwa bado na umbo lake. Maumivu huanzia kwenye kinena. Baadaye ile sehemu iliyokufa inashindwa kubeba uzito wa mwili, na kichwa kinabonyea kama mpira uliopungua upepo. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1991, wenye wagonjwa 2,590, karibu mmoja kati ya kumi alikutwa tayari na nyonga ya namna hiyo. Na sisi tuna wagonjwa wengi: daktari Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204 Kinshasa, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba asilimia 1.4 walikuwa SS. Yaani katika kila vizazi mia, mmoja au wawili.

Wanaodai proteze wana haki ya kusikika, na hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Zamani ilisemwa kwamba mgonjwa wa SS hawekewi chuma, kwa sababu damu yake, mifupa yake migumu isiyo na njia ya kupitisha shina la proteze, na vijidudu vya Salmonella vinavyopenda kukaa kwenye mifupa yake vitaharibu kazi yote. Daktari wa mifupa Philippe Hernigou na wenzake wa Créteil, karibu na Paris, walionyesha vingine mwaka 2008: nyonga bandia 312 kwa wagonjwa 244, wenye umri wa wastani wa miaka 32, na waliopata usaha kwenye nyonga walikuwa asilimia 3 tu, baada ya kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 13. Kwa hiyo anayesema haiwezekani anakosea. Inawezekana, mahali ambapo timu imezoea wagonjwa hawa, damu ya kuongeza ipo, na mgonjwa haachwi apate baridi au kiu wala kabla ya upasuaji wala baada yake.

Hoja ya kobalti nayo inagusa moyo. Inanigusa mimi pia, maana hakuna anayeishi mji huu asiyeona malori yanavyotoka. Lakini tuipigie hesabu. Kichwa cha nyonga bandia chenye upana wa milimita 28, hata kingekuwa kizima bila lile tundu la kukipachikia, hakifiki gramu 100. Aloi yake ni kobalti, kromu na molibdeni, na kobalti ni kama theluthi mbili. Machi 2018, kobalti ilipofika kilele chake kwenye soko la London, tani moja iliuzwa karibu dola 95,000. Maana yake, siku ambayo madini yetu yalikuwa ghali kupita kiasi, kobalti ya kichwa kimoja cha nyonga haikufika dola 7. Shina lenyewe mara nyingi ni la titani, na vichwa vingine siku hizi ni vya kauri. Pesa imejificha kwingine: kwenye mashine za kuchonga kwa usahihi, kwenye hewa safi ya chumba cha upasuaji, kwenye umeme usiokatika, kwenye benki ya damu, kwenye mikono iliyofanya kazi hiyo mara mia kabla yako. Hata tungejenga kiwanda cha aloi kesho Likasi, kijana wa komini ya Katuba, hapa mjini, asingepata nyonga yake kwa urahisi zaidi.

Kuna jambo jingine juu ya metali hiyohiyo ambalo husemwa kidogo mno. Nyonga za chuma kusugua chuma zilimwaga kobalti ndani ya damu za watu, na aina iliyojulikana kama ASR ikaondolewa sokoni mwaka 2010. Sasa, mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walipima mikojo ya wakaaji wa Katanga na kukuta kiasi cha kobalti kilichokuwa cha juu kuliko chochote kilichowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote. Nyonga inayosugua kwenye plastiki au kauri haina hatari ileile. Ila mji ambao watu wake wanakojoa kobalti kabla ya kuwekewa hata skrubu moja, una sababu ya kuuliza kwa makini proteze gani inaingia, na nani atapima damu baadaye.

Nije kwenye namba mbili ambazo pande hizi hurushiana. Zinafanana sana kwa sura, na ndiyo maana zinachanganya.

Ya kwanza ni 87. Hernigou huyohuyo, mwaka 2003, alifuatilia nyonga 75 za watu wazima 64 wenye drepanositozi. Zilikuwa zinauma, lakini vichwa vyake vilikuwa bado vya mviringo. Ndani ya miaka 5, nyonga 65 zilikuwa zimeporomoka, asilimia 87. Wadai proteze huishika namba hii na kusema: mnaona, kungoja ni kungoja kilema.

Ya pili ni 86. Mwaka 2006 Lynne Neumayr na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 38 waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitobolewa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake kisha wakafanyishwa mazoezi ya kinesi, wengine wakafanyishwa mazoezi peke yake. Baada ya miaka 3 hivi, nyonga ambazo hazikuhitaji upasuaji zaidi zilikuwa asilimia 82 kwa waliotobolewa, na asilimia 86 kwa waliofanya mazoezi tu.

Mtu akiziweka namba hizi kando kwa kando ataona kama kuna mwongo. Hakuna. Ya kwanza inauliza: picha inaonyesha kichwa kimebonyea? Ya pili inauliza: mwenye nyonga amerudi kuomba kisu? Kichwa kinaweza kubonyea kidogo kwenye picha na mwenyewe akaendelea kwenda sokoni. Kinaweza pia kuwa cha mviringo kabisa na kumnyima usingizi. Halafu miaka 3 siyo 5, na wagonjwa 38 ni wachache. Utafiti mdogo hivyo hauwezi kuthibitisha kwamba kutoboa hakufai kitu. Lakini unatuambia jambo ambalo halistahili kudharauliwa: watu wenye ugonjwa huuhuu, katika nchi yenye kila aina ya chumba cha upasuaji, wengi wao walikaa miaka mitatu hivi bila kuhitaji kisu, kwa kazi ya mikono ya kinesi peke yake.

Miaka mitatu, minne, mitano. Kwa mzee wa miaka 70 ni kidogo. Kwa msichana wa miaka 17 ni diploma, ni kazi ya kwanza, labda ni ndoa. Na siyo hayo tu. Mwaka 2019 wachunguzi wa Uingereza walikusanya kumbukumbu za nyonga bandia za nchi mbalimbali na kukuta kwamba baada ya miaka 25, kama asilimia 58 zilikuwa bado zinafanya kazi. Wengi wa watu hao walikuwa wazee waliowekewa nyonga kwa sababu ya gegedu kuisha. Kijana anayetembea kwa miguu kutoka Katuba hadi katikati ya mji huila nyonga yake haraka zaidi. Ukimwekea ya kwanza akiwa na miaka 20, jiandae kwa ya pili kabla hajafika 45, na pengine ya tatu baadaye. Kila ukifungua tena, mfupa wa kushikilia unapungua, damu inayohitajika inaongezeka, na hatari ya usaha inapanda. Kuahirisha nyonga ya kwanza kutoka 20 hadi 30 kunaweza kumwondolea mtu upasuaji mzima mmoja katika maisha yake. Hesabu hii sijaona ikifanywa mbele ya wazazi wanaouza kiwanja ili kumpeleka mtoto India.

Tena tuangalie nyumba anayorudi. Mwenye nyonga mpya huambiwa, hasa miezi ya kwanza, asikunje paja kupita kiasi, asikae kwenye kigoda kifupi, asichuchumae, la sivyo kichwa kitachomoka. Choo cha kartie nyingi ni tundu la kuchuchumalia. Bukari inasongwa mtu ameinama juu ya mbabula. Maji yanatekwa kwa kuinama. Kabla ya proteze familia inahitaji kiti cha choo na meza ya kupikia, na hilo ni jambo la kuulizwa mapema, mgonjwa akiwa bado hajalazwa.

Upande wa «ngojeni» una kasoro yake kubwa, nayo ni kwamba kungoja bila kufanya chochote kumeitwa subira. Huko ndiko 87 inakotoka. Kinachotakiwa ni kuikuta nyonga kabla haijaporomoka, na kwa hilo radio peke yake haitoshi, maana mwanzoni picha yake hutoka safi. MRI, mashine ya picha za sumaku, ndiyo inayoona mapema, na ni wachache wanaoweza kuilipia. Ila mkono unaona kitu. Mlaze mtoto chali, kunja goti na nyonga nyuzi tisini, shika kifundo cha mguu uusukume taratibu kwenda nje, ili paja lizunguke kwa ndani. Nyonga nzima inakubali. Nyonga inayoanza kufa hukaza mapema, na mtoto anakunja uso au anainua kiuno kukufuata. Ulinganishe mguu wa pili. Ni dakika moja. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufundishwa siku hiyohiyo, na mtoto aliyekaza ndiye wa kutafutiwa pesa za MRI, magongo ya kupunguza uzito, na kinesi wa kila wiki.

Dawa pia ina mahali pake, bila kuiongezea chumvi. Utafiti wa REACH, uliohusisha watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba haidroksiurea inapunguza maumivu, maambukizo, malaria, kuongezewa damu na vifo. Ni ushindi mkubwa, na Tshilolo alikuwa mwandishi wake wa kwanza. Lakini haijathibitishwa kwamba dawa hiyo inakilinda kichwa cha nyonga. Na watoto ambao zamani walikufa kabla ya miaka mitano sasa watafika thelathini, wakiwa na nyonga zao. Kwa hiyo kadiri dawa inavyofaulu, ndivyo nyonga za kuuguza zitakavyozidi. Hili nalitaja kwa sababu baadhi ya watu wa upande ninaoutetea husema dawa itamaliza tatizo. Haitalimaliza.

Ambaye nyonga zake zote mbili zimekwisha kuporomoka, asiyelala usiku, haambiwi mambo ya kinesi. Huyo proteze ni haki yake, hata akiwa na miaka 22, na mji wa ukubwa wa Lubumbashi unapaswa kuwa na timu moja iliyojifunza kazi hiyo vizuri kuliko hospitali tano zinazojaribu kila moja mara moja kwa mwaka. Ninachopinga ni kuanza hapo na kuishia hapo.

Na hoja ya kobalti ningependa ielekezwe mahali inapoweza kuzaa. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 iliweka mrabaha wa asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, na kobalti ikatangazwa kuwa mojawapo mwaka huohuo. Katika mrabaha huo, asilimia 25 ni ya jimbo na 15 ni ya mamlaka ya kienyeji ambamo mgodi uko. Komini ya Ruashi ina mgodi wa shaba na kobalti ndani ya mji wenyewe. Anayeandamana tarehe 19 Juni anaweza kudai, kwa sheria iliyopo, kwamba sehemu ya pesa hiyo ilipe mshahara wa kinesi mmoja kwa kila komini, na kwamba kila mtoto wa SS aliyefika miaka kumi apimwe nyonga zake zote mbili kila anapokuja kuchukua dawa.