Mayai 48

Ukimpeleka mtu kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kule Lamu, mfundishe kupanda kwanza. Upande unaopigwa na kusi una mteremko wa taratibu na mchanga wake umeshindiliwa na upepo, pitia huko. Upande wa pili ni mkali, nyuzi 30 na ushei, na mchanga umelegea: ukipiga hatua moja, nusu yake inarudi nyuma. Usikanyage mlakasa, ule mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau, maana ndio unaokishika kilima kisihame. Na kwa kuwa mvua inayonywewa na vilima hivyo ndiyo inayokuja kuwa maji ya visima vya watu wa Lamu, haja ndogo ivumilie mpaka nyumbani.

Hayo yote niliwaeleza walimu 22 niliowaongoza tarehe 15 Juni, kuanzia saa kumi alasiri. Nilikuwa mtaalamu kwa muda wa saa moja na robo.

Tulianza na kaa wa mchangani, yule mweupe mwenye macho yaliyosimama juu ya vijiti. Wadogo huchimba karibu na maji, wakubwa hupanda juu, na shimo la mkubwa huweza kupita mita moja kwenda chini. Nikawaonyesha sababu: juu, mchanga wa adhuhuri unababua nyayo, ingiza mkono hadi kwenye kiwiko, unakuta baridi na unyevu. Kaa anahitaji unyevu huo ili mashavu yake ya kupumulia yasikauke. “Ukitaka kitu kisiharibike na jua,” nikasema, “mwige kaa.” Maneno hayo nimeyasema safari zote, na mpishi wetu ameyasikia safari zote. Laiti ningelikumbuka hilo.

Tukauzunguka mgongo wa kilima, na hapo nikaiona: alama ya kitu kizito kilichoburutwa kutoka ukingo wa maji hadi juu, upana wake karibu mita moja. Moyo ukaruka. Nikawainamisha wote.

“Kasa,” nikanong’ona.

Sasa niwape darasa la kweli, lile nililolisahau siku hiyo. Alama ya kasa ina michirizi ya mapezi pande zote mbili, kama tairi la trekta. Hii ilikuwa laini katikati, laini pembeni. Kasa hupanda kutaga usiku, na kusi la Juni hufuta kingo za alama kwa saa chache tu. Hii ilikuwa na kingo kali kama zilizokatwa kwa kisu, jioni, jua likiwaka. Tena kasa huacha alama mbili, ya kupanda na ya kushuka. Ikiwepo moja tu, basi mwenyewe bado yuko juu.

Nikatambaa kwa tumbo hadi juu. Kulikuwa na tuta la mchanga uliofukuliwa na kurudishiwa, na kasa hakuna.

Mwalimu wa hisabati, mama mmoja asiyepitwa na jambo, akauliza: “Alishukia wapi?”

“Upepo umefuta,” nikasema. Mtaalamu hakosi upepo wa kuusingizia. Ni upepo gani huo uliofuta alama ya kushuka ukaibakiza ya kupandia, mama hakuuliza zaidi, kwa heshima tu.

Mwingine akaokota nyuzi za gunia la plastiki. Nikapata hapohapo somo la dakika kumi kuhusu plastiki inavyoua kasa.

Nikaweka vijiti vitatu, nikazungusha kamba. Mayai, nikawaambia, huwa 100 na zaidi, ya duara kama mipira ya tenisi ya meza. Hukaa mchangani kama miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: ukiwa na joto zaidi, wanatoka majike. Wala yasitikiswe, na mtu asichimbe, hata kwa kidole! Walimu wakaandika tarehe, wakahesabu siku 60.

Jua likazama. Tulikuwa tumekaa duara kama watu wa matanga, tochi zimefungwa karatasi nyekundu ili kasa mwingine asishtuke, ndipo mtu akatokea upande ule mkali, kifungu cha kuni begani, panga mkononi. Akaruka kamba, akapiga magoti, akaanza kufukua.

“Jangili!” akapiga kelele mwalimu wa hisabati, na kabla sijatamka neno alikuwa ameshamrukia mgongoni. Walimu wawili wa michezo wakamkalia miguu.

“Mwalimu!” sauti ikatoka mchangani. “Niwachieni! Nataka soda zangu!”

Nikaijua sauti ya mpishi.

Alikuwa ameshushwa na mashua saa tisa na kreti mbili. Hakuweza kuzibeba, akazilaza ubavu kwa ubavu juu ya gunia, akazivuta huku akirudi kinyumenyume, na gunia likawa linafuta nyayo zake moja baada ya nyingine. Akazifukia ili zipoe, akatelemkia upande wa pili kutafuta kuni za mivinje. Nyayo zake za kushukia zilikuwako muda wote, hatua nne kutoka pale nilipowakataza watu wasikanyage.

“Umesema mwenyewe, Maalim,” akaniambia huku akitema mchanga. “Tumwige kaa.”

Mwalimu wa hisabati akavuta chupa ya kwanza, akaipapasa. “Hili lina kizibo,” akasema, akaendelea kuhesabu hadi 48. Zilikuwa baridi, tena baridi kweli.

Tarehe 14 Agosti, saa moja asubuhi, nikapata ujumbe kwenye simu: “Maalim, wameshatotoa?”