Nani Kampisha Nani? Muziki wa Okestra wa China

Tarehe 27 Mei 1959, jijini Shanghai, msichana wa miaka 18, Yu Lina, alisimama mbele ya okestra na fidla yake akapiga "Liang Zhu", kisa cha wapenzi waliotenganishwa na ndoa ya kulazimishwa, mwishowe wakageuka vipepeo. Watunzi wake, He Zhanhao na Chen Gang, walikuwa bado wanafunzi. Okestra ni ya Kizungu na fidla ni ya Kizungu, lakini humo vidole huteleza juu ya uzi kama vya mpigaji wa erhu, zeze la Kichina la nyuzi mbili. Zhu Yingtai, msichana wa kisa hicho, anapolia kaburini kwa mpenzi wake, mdundo unakimbia mbio huku fidla ikijivuta itakavyo juu yake. Mtindo huo umetoka kwenye opera ya Kichina.

Mchanganyiko wa namna hiyo naukubali bila kusita: mgeni kaingia, kajifunza lugha ya wenyeji.

Kinachonitia wasiwasi ni zile okestra kubwa za ala za Kichina zilizopangwa kwa kufuata okestra ya Ulaya. Huko aliyebadilishwa ni mwenyeji. Nyuzi za hariri ziliachwa, zikafungwa za chuma. Pipa, ambayo ni kama gambusi, ilipangwa upya vituo vya kubania nyuzi ili itoe nusu-sauti zote 12. Sauti nzito zilipopungua, zikaazimwa sello, fidla kubwa za Kizungu zenye sauti nzito. Kwenye nyumba za chai za Shanghai, wapigaji wachache hushika wimbo mmoja, kila mtu akiuremba kivyake. Filimbi ikiongeza, erhu inapunguza, wanapishana bila kugongana. Sasa ziweke erhu kumi chini ya kondakta anayeongoza okestra, pinde zote ziende upande mmoja, nota ileile: urembo ule utakaa wapi?

Hata hivyo, watetezi wa mageuzi wana hoja nzito. Liu Tianhua, aliyeanzisha chama cha kuboresha muziki wa taifa mwaka 1927 huko Beijing, alijifunza fidla, kisha akaiandikia erhu mazoezi 47. Ala iliyodharauliwa kama ya ombaomba ikapata heshima darasani. Na wanaodai usafi wa asili wanasahau kwamba suona, zumari la harusi na mazishi vijijini China, lina asili ya Asia Magharibi, na ni ndugu wa nzumari ya pwani yetu. Pipa nayo ilipitia Asia ya Kati. Kwa hiyo kuuliza ala imetoka wapi hakunisaidii; nauliza nani kampisha nani.

Katika "The Map", utunzi wa sello na okestra wa mwaka 2003, mtunzi Tan Dun aliwaonyesha kwa video wanamuziki wa vijijini Hunan, mkoa aliozaliwa. Mwanamke wa kabila la Miao anaimba kwa pumzi na lafudhi yake, okestra inamsubiri, kisha sello jukwaani inamjibu. Ni heshima kubwa. Lakini yeye yumo ndani ya picha, hawezi kulisikia jibu hilo.