Kidonge cha presha kinasingiziwa

"Ukishaanza dawa za presha, umekuwa mtumwa wake." Wasemao hivyo huongeza kwamba chumvi ikipungua na miguu ikatembea, vidonge havina kazi. Hawakurupuki. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, wakapunguza uzito na kufanya mazoezi walau dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Hapo kidonge kilishindwa waziwazi.

Ila wale walikuwa bado hawajaugua. Presha iliyokwisha kupanda ni habari nyingine, na hapa kuna hesabu isiyonitoka kichwani. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023, kati ya watu wazima watano wenye presha, ni mmoja tu ambaye imedhibitiwa. Wawili hivi hata hawajijui, na mwingine hivi anajijua lakini hatibiwi. Wawili wanatibiwa, na kati yao ni mmoja tu aliyefika salama. Yule mwingine je? Anajua anaumwa, dawa ameandikiwa, na bado presha iko juu! Huenda dozi ni ndogo, huenda dawa humwishia. Au ni yule aliyepima siku moja, akakuta 120 kwa 80, akasema amepona.

Hakupona. Amlodipine, mojawapo ya dawa za presha, hulegeza mishipa ya damu; ukiiacha, baada ya siku chache mishipa inabana tena, kimyakimya, bila hata kichwa kuuma. Kile kipimo kizuri kilikuwa kazi ya kidonge chenyewe, halafu ndicho kinachotupwa.

Maudhi yapo, sikatai. Amlodipine huvimbisha vifundo vya miguu, enalapril, dawa nyingine ya presha, huleta kikohozi kikavu. Lakini aina za dawa ni nyingi, na daktari akiambiwa hubadilisha. Wengi hawamwambii, wanaacha tu.

Na kuacha kunawezekana kwa baadhi, hasa ambao presha yao haikuwa juu sana na uzito umepungua kweli. Huyo apime nyumbani asubuhi na jioni, aandike, apeleke daftari kwa daktari, dozi ipunguzwe hatua kwa hatua. Hadi siku hiyo, anatembea, chumvi haizidi gramu 5 kwa siku, na kidonge anameza.