Baiskeli katika Msitu wa Karura: tuangalie maji na upana wa njia

Karura ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Leo una zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi, umegawanywa na Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, na ndani yake kuna zaidi ya kilomita 50 za njia zisizoguswa na matatu wala bodaboda. Swali linalogawanya wapenzi wa msitu huu ni hili: je, baiskeli ziongezewe njia, au ziondolewe kwenye sehemu zenye miti ya asili?

Wanaozitetea wana hoja nzito, na ya kwanza inahusu uhai. Anayetoka mji wa Ruaka kwa baiskeli anabanwa kati ya matatu na ukingo wa lami. Mtoto anayejifunza kusawazisha usukani hana pa kujifunzia barabarani, na wazazi wengi hawathubutu hata kujaribu. Hoja ya pili ni ulinzi. Kabla ya uzio wa umeme na askari wa doria, Karura ulijulikana kwa wizi wa kutumia nguvu na ukataji miti wa kimyakimya. Watu walipoanza kuingia kwa wingi, wahalifu walikosa pa kujificha, na ada za langoni zikalipa walinzi.

Kuna pia siasa ya ardhi. Wangari Maathai na wenzake walipigwa langoni mwa msitu huu Januari 8, 1999, wakipinga kugawiwa kwake kwa wajenzi binafsi. Mwaka 2024 mpango wa kupanua Barabara ya Kiambu kwa kumega sehemu ya msitu uliibua kesi mahakamani. Msitu unaotembelewa kila wiki na maelfu ya watu hupata watetezi haraka kuliko ule unaoonekana kwenye ramani tu.

Upande wa pili nao hauna upungufu wa ushahidi. Sehemu kubwa ya Karura ilipandwa miti ya kigeni, hasa mikaratusi, na msitu wa asili uliobaki ni vipande: mukinduri, mutamaiyo, muthiga, na muhugu, mti ule ule ambao wachongaji wa Kikamba wameutafuta miaka mingi kwa ugumu wake. Muhugu hukua polepole mno. Ukiua mmoja mkubwa leo, hakuna mradi wa kupanda miche utakaourudisha katika uhai wa mtu aliyeukata.

Kinachotisha zaidi ni mwanga. Njia yenye upana wa mita moja na nusu chini ya mukinduri hubaki kivulini, kwa sababu matawi ya pande zote mbili yanakutana juu. Ipanue ifike mita nne na paa la majani linafunguka. Jua likishagusa ardhi, lantana, kichaka vamizi cha kigeni, huota kandokando, kisha huingia ndani na kusonga miche ya asili. Mbega waliohamishiwa hapa kutoka Kipipiri, Nyandarua, husafiri juu ya matawi. Pengo pana huwalazimisha kushuka chini, walipo mbwa na watu. Kwa hiyo anayesema kila njia mpya ni jeraha hatii chumvi, iwapo njia hiyo inapita kwenye miti ya asili.

Lakini je, kosa ni la baiskeli? Mwaka 2001 watafiti Thurston na Reader walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika msitu wa Ontario, Kanada: walipitisha watembea kwa miguu na waendesha baiskeli za milimani mara hadi 500 kwenye vijia vipya. Uharibifu wa mimea ulikaribiana, na kwa sehemu kubwa ulibaki kwenye ukanda mwembamba wa katikati. Matokeo hayo yasichukuliwe kama kibali cha jumla. Udongo mwekundu wa Nairobi ukilowa huteleza na kunata, na mteremko wa kuelekea mto Karura au Ruaka si uwanja wa majaribio. Tena kuna tofauti ambayo watetezi wa baiskeli huipuuza: kiatu huacha vishimo vilivyoachana, ilhali tairi huacha mfereji mmoja usiokatika. Mfereji wa sentimita tatu tu, kwenye mteremko, unatosha kukusanya maji ya mvua na kuyakimbiza. Mpandaji akifunga breki ya nyuma na kuburuta tairi, mfereji unazidi kuchimbika. Baada ya mvua chache mizizi iko nje, wapitao wanaikwepa kwa kupita pembeni, na njia inaanza kunenepa.

Ndiyo maana naona mjadala huu umekaa mahali pasipofaa. Tunabishana kuhusu nani apite, wakati njia inaharibiwa na maji yanayokaa au yanayokimbia juu yake. Njia ya kando ya kilima inatakiwa kuinamia upande wa bondeni kwa asilimia 5 hivi, yaani njia ya mita moja na nusu iwe na tofauti ya sentimita saba na nusu kati ya ukingo wa juu na wa chini. Mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe: kilima kikiwa na asilimia 16, njia isipite 8. Ikizidi hapo, maji hayavuki njia tena, yanaigeuza kuwa mto. Kila mita 10 hadi 15 za mteremko paweko bonde dogo la kuyatoa maji nje. Tuta la udongo lililorundikwa kukatiza njia halisaidii sana, kwani tairi hulikata katikati, na maji yakapata mlango.

Kwenye mizizi, kosa la kawaida ni kuichonga ili njia iwe laini, au kuifukia kwa moramu iliyoshindiliwa. Mizizi mingi inayolisha mti iko kwenye tabaka la juu la udongo, na inahitaji hewa. Mzizi unaozidi unene wa milimita 25 usikatwe. Jaza kati ya mizizi kokoto safi zisizo na vumbi, hewa na maji yapite. Moramu itumike mbali na mashina, na itoke kwenye machimbo yasiyo na magugu, maana mbegu za lantana husafiri na lori.

Kasi nayo ina hesabu yake. Kwa kilomita 20 kwa saa, mpandaji husafiri karibu mita 11 katika sekunde mbili za kuona na kuamua, kisha takriban mita 8 nyingine kabla ya kusimama kwenye changarawe. Jumla ni mita 19. Kwa kilomita 10 kwa saa ni kama mita saba na nusu. Kona ambayo vichaka vinakuacha uone mita 10 mbele haiwezi kutumiwa pamoja na wapandaji wa kasi na bibi anayetembea na mjukuu. Hapo ama njia zitenganishwe, ama mpandaji apunguze mwendo. Kufyeka vichaka ili kuona mbali kunarudisha lile tatizo la mwanga. Programu za simu zinazoshindanisha muda wa kumaliza kipande cha njia hazina nafasi kwenye njia ya pamoja.

Msimamo wangu ni kwamba baiskeli zibaki Karura, zikitumia barabara za zamani za huduma na sehemu zilizokuwa na mikaratusi, ambako ardhi ilishashindiliwa na malori ya magogo. Ndani ya vipande vya asili isichongwe hata mita moja mpya. Nchini Uingereza, mwongozo wa serikali kwa ujenzi karibu na misitu ya kale unataka ukanda wa angalau mita 15, na kwa mti mkongwe mmoja mmoja, nafasi isiyopungua mara 15 ya kipenyo cha shina. Kwa mukinduri wa sentimita 60 hiyo ni mita 9 kila upande. Kipimo hicho kinaweza kuchukuliwa hapa kama kilivyo.

Gharama ya msimamo huu lazima itajwe. Mvua za Machi hadi Mei zikikolea, njia zenye udongo mtupu zifungwe kwa baiskeli kila tairi linapoacha alama inayozidi sentimita mbili, na mapato ya langoni yatashuka wakati huo huo mafundi wanapohitajika. Fedha za matengenezo zitengwe miezi ya kiangazi, la sivyo kufungwa kutabaki kwenye kibao.

Njia za panya ndizo zitakazopima kama mpango unafanya kazi. Kibao peke yake hakizizuii. Funika mita 10 hadi 15 za mwanzo kwa matawi na magogo yaliyoanguka, panda miche ya asili, kisha rekebisha dimbwi au mzizi uliowafanya watu wakwepe pale. Upana upimwe kwa futi kamba mahali palepale kabla na baada ya kila msimu wa mvua. Kipande kilichoongezeka sentimita 30 kifungwe na kutengenezwa kabla ya mtu yeyote kuomba njia mpya.