Msimwite mkaidi

Kuna neno limezoeleka kwenye vituo vyetu vya afya, Unguja na Pemba, na kila nikilisikia linaniuma: mkaidi. Bi mkubwa amerudi na presha 180 kwa 110, vidonge hakuvitia mdomoni wiki 3. "Huyu mkaidi." Limeshasemwa, kadi imefungwa, aitwe mwengine. Neno hilo halielezi lolote kuhusu mgonjwa. Linaonesha tu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Tuanze na lugha yetu. Mtu akiugua huku kwetu husema "siwezi". Ukiuliza mbona fulani haonekani msikitini, utajibiwa "hawezi", na umeshafahamu. Maradhi kwetu ni kushindwa: kushindwa kwenda shamba, kushindwa kuinuka kuswali, kushindwa kusimama jikoni. Sasa mwenye presha anaweza. Anatwanga, anavua, anakwenda harusini na kurudi usiku wa manane. Presha mara nyingi haiumi wala haimzuii mtu kazi yake, mpaka siku mshipa unapopasuka kichwani au figo zinapochoka. Kumwambia mtu anayeweza kwamba ni mgonjwa, na kwamba ameze kidonge kila siku ya maisha yake, ni jambo zito. Halimalizwi kwa kumpa bahasha ya vidonge dirishani.

Halafu kuna neno dozi, na hili tumelifundisha sisi wenyewe wauguzi. Dawa mseto ya malaria ni siku 3. Amoksilini ya mtoto mwenye nimonia, siku 5. Miaka yote tunasisitiza: maliza dozi. Basi mtu akipewa vidonge 30 vya amlodipini, dawa ya presha, siku ya 30 anaona kamaliza, na ametii kama alivyofundwa! Aambiwe wazi: "Hii haina dozi. Bahasha ikibaki na vidonge 5, njoo uchukue nyengine, hata ukijihisi mzima." Kisha asiulizwe "umefahamu?", maana kila mtu hujibu "ndiyo". Aulizwe: "Mwanao akikuuliza dawa hii unaimeza mpaka lini, utamwambiaje?" Akijibu "mpaka nipone", maelezo hayajafika. Yaanze upya, kwa maneno mengine, bila kumkaripia.

Na kabla ya kumpa mtu maradhi ya maisha, tuwe na hakika na kipimo. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, kibofu kitupu, mkono umewekwa usawa wa moyo. Asizungumze, na sisi tusimsemeshe. Kitambaa cha mashine kifungwe juu ya ngozi, si juu ya mkono wa baibui. Kama hakuna faragha, tundikeni pazia, kanga moja inatosha. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kwa mkono mnene, presha husoma juu kuliko ilivyo, na hapo tunamtibu mtu maradhi asiyokuwa nayo. Pima mara 2, dakika moja baina yake. Ikifika 140 kwa 90, arudi siku nyengine ipimwe tena kabla ya kumhukumu, isipokuwa iko juu mno au ana dalili za hatari.

Tarehe za kurudi nazo zina lake. Mama wa mwani hufanya kazi kwa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Ukimpa tarehe inayoangukia bamvua umemtaka achague baina ya kliniki na chakula cha watoto, na mwenye njaa nyumbani hachagui kliniki. Mpe tarehe ya maji mafu. Kuiandika hakugharimu kitu.

"Punguza chumvi" pekee haitoshi. Mwambie papa mkavu amroweke, amwage maji, amroweke tena, na chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai.

Suala la kombe (aya zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya kunywa) na dawa za miti shamba: ukimkemea, atanyamaza, na hutojua anakunywa nini. Uliza kwa upole, kama unavyouliza kuhusu chakula: "Na dawa gani nyengine unatumia?" Kombe la zafarani halizuii mtu kumeza amlodipini, hilo mwambie wazi. Dawa ya mizizi isiyojulikana kwa mwenye figo dhaifu ni jambo jengine, na hapo lazima tuseme kwa nguvu. Na mwezi wa Ramadhani kidonge cha mara moja kwa siku kihamie futari. Hilo lipangwe Shaabani, siyo baada ya mgonjwa kuacha dawa mwenyewe.

Nakubali foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Mwenye wagonjwa 60 asubuhi moja hawezi kukaa kitako na kila mmoja. Lakini "tangu tulipokupa dawa, kuna kitu umeshindwa kukifanya?" ni swali la nusu dakika, na linafungua mlango ambao "mbona humezi dawa?" linaufunga. La pili ni shutuma, na mtu akishutumiwa hujitetea au hudanganya. La kwanza ndilo litakalokutolea habari ya kikohozi.

Kikohozi hicho nakitaja kwa makusudi. Enalapril, dawa nyengine ya presha, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kisichokoma mpaka dawa yenyewe iachwe. Mtu anayekohoa usiku kucha huku majirani wanasikia ana khofu ya kifua kikuu na khofu ya kusemwa. Anaacha vidonge, kikohozi kinapungua, na kwa akili yake timamu anaamua dawa ndiyo iliyokuwa ikimuuguza. Amepatia! Kilichobaki ni sisi kumsikia. Penye nafasi ya lile neno "mkaidi", andika kwenye kadi: "Kaacha enalapril wiki ya pili, kikohozi kikavu usiku, makohozi hakuna, homa hakuna, anahofia kifua kikuu." Daktari akiisoma hiyo, anambadilishia dawa siku hiyo hiyo.