Wametushuti vya kutosha, sasa zamu yetu

Nimetumiwa klipu ya wageni waliopita kijiji kimoja huku Iringa na imenikera kweli kweli, bibi anayetwanga yumo, watoto peku wamo, juu yake wameweka ngoma ya sijui ya wapi, ila bodaboda zinazopaki pale pale na kibanda cha kutoa hela vimekatwa vyote, na mtu wa pale ananiambia watoto wenye yunifomu waliambiwa wasogee pembeni. Yani mtoto anayesoma anaharibu picha!

Kupigwa picha siyo kesi jamani. Kesi ni nani anaediti.

Ndo maana namheshimu sana Lisa Reihana, msanii wa Kimaori, yani wenyeji wa asili wa New Zealand. Ufaransa, 1804 hadi 1805, kiwanda cha Joseph Dufour kilitoa karatasi za kupamba ukuta, vipande 20, zinaonyesha watu wa visiwa vya Pasifiki, lakini wamevalishwa kama sanamu za Wagiriki na wanastarehe tu bustanini, matajiri wakabandika sebuleni wakaridhika kwamba wameshaijua Pasifiki. Reihana kaichukua mandhari ile ile kaigeuza video ndefu inayosogea taratibu ukuta mzima, halafu kawaingiza wenyeji wenyewe, wanacheza ngoma zao, wanabadilishana vitu na mabaharia, baharia anachapwa viboko, na Kapteni Cook, nahodha wa Uingereza, anauawa kule Hawaii. Damu ipo, hasira ipo, watu wana akili zao. Mwaka 2017 ikasimama Venice, Italia, kwenye banda la New Zealand katika yale maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia, yani Ulaya ikaletewa karatasi yake yenyewe ikiwa imejibiwa.

Sawa, na kule Ulaya wapo wanaojitahidi, Fiona Tan anayeishi Amsterdam mwaka 1999 alichukua filamu za zamani za enzi za ukoloni akazipanga upya, unawaona watu waliopangwa mistari wanakukazia macho wewe unayetazama. Nzuri. Ila wanaoiona ni wa kule kule.

Sisi huku hakuna wa kutufundisha maana ya kuchukuliwa kilicho chako. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilitajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Kalenga, huku huku Iringa, likarudi 1954. Fuvu limerudi, picha bado, nyingi za enzi ya Mjerumani ziko Ujerumani na maelezo chini kaandika aliyeshika kamera.

Mimi nataka nione vita ya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, imeshutiwa kutoka upande wa Wahehe waliokuwa wanamvizia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, wanaongea Kihehe, imejaa ukuta mzima pale Boma la Iringa, kwenye jengo hilo hilo la Mjerumani ambalo leo ni makumbusho, na wanafunzi waingie bure. Vijana wanaoshuti harusi hapa mjini wana kamera na droni na wanaediti usiku kucha. Kinachokosekana ni mtu wa kuwalipa, na hela ya semina kila mwaka huwa inapatikana.