Korngold, mwalimu wa kwaya na kifungu kimoja cha mkataba

Walimu wa kwaya wa Iringa na Mbeya wana msemo wao mtunzi mwenzao anapochukua kazi ya igizo au filamu: huyo kwisha, kalamu ameiuza. Wanasema anayeandika kwa kufuata picha hawezi tena kuufuata wimbo, na filamu ikichakaa naye atachakaa nayo. Shahidi wao mzuri kuliko wote angekuwa Erich Wolfgang Korngold, mtunzi wa opera aliyehamia kwenye muziki wa filamu, maana maneno hayohayo aliambiwa angali hai. Tatizo ni kwamba ukimsikiliza shahidi huyo mpaka mwisho, anawageuka.

Alizaliwa Brno mwaka 1897, akalelewa Vienna. Akiwa na miaka 13 pantomimi yake, yaani igizo la vitendo bila maneno, ilichezwa kwenye jumba la opera la Kaisari. Akiwa na 23 opera yake Die tote Stadt ilizinduliwa siku moja katika miji miwili, Hamburg na Cologne. Mwaka 1934 mwongozaji Max Reinhardt alimwita Hollywood kupanga upya muziki wa Mendelssohn kwa filamu ya igizo la Shakespeare, na kuanzia hapo studio ya Warner ikamng'ang'ania. Muziki wake wa filamu ya Anthony Adverse ulipata Oscar, lakini kwa kanuni ya wakati ule sanamu alikabidhiwa mkuu wa idara ya muziki ya studio, Leo Forbstein. Yeyote aliyewahi kuona jina la mwenye studio likitangulia, na la mtunzi lisionekane kabisa, anaijua picha hiyo. Ya kwake mwenyewe aliipata kwa filamu ya Robin Hood ya 1938. Hitler alipoitwaa Austria, Korngold alikuwa Marekani akiiandalia filamu hiyo muziki, na kwa Myahudi wa Vienna safari hiyo ya kikazi ilikuwa uhai wenyewe.

Wanaolaumu wana la kushika. Opera yake ya mwisho, Die Kathrin, ilionyeshwa Stockholm mwaka 1939, na baada yake hakuandika nyingine. Aliporudi Vienna mwaka 1949 alipokelewa kwa ubaridi. Mhakiki mmoja wa New York alilichezea jina lake (kwa Kiingereza corn ni mahindi na gold ni dhahabu) akisema muziki wake una mahindi mengi kuliko dhahabu, mahindi kwa Wamarekani yakiwa na maana ya kitu cha kubembeleza machozi ya bei rahisi. (Nyanda za Juu Kusini, ambako gunia la mahindi ndilo linalosomesha watoto, tusi hilo lingeonekana la ajabu.) Na ni kweli kwamba filamu humkata mtunzi. Tuseme tukio la mazishi ni sekunde 47. Kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, mapigo 56 yanachukua sekunde 46.7, yaani vipimo 14 vya mapigo manne manne, na ubeti unaingia bila shida. Mhariri akipunguza sekunde 3, una njia mbili. Ukiongeza mwendo hadi 77, kwaya inakosa pa kuvuta pumzi. Ukiondoa kipimo kimoja, ubeti unabaki na mguu mmoja. Mwalimu wa kwaya hajawahi kuamriwa na mkasi.

Lakini upande wa pili haujasikilizwa vya kutosha hapa kwetu. Filamu inamlipia mtunzi jambo ambalo ratiba ya kanisa haimpi: kuisikia kazi yake ikipigwa na vyombo vyote, tena na tena, mpaka ikae sawa. Korngold alikuwa na okestra ya studio inayomsubiri. Mtunzi wa Iringa anaweza kukaa miaka na wazo la kuunganisha sauti nne, matarumbeta ya kanisani na ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe, na asilisikie hata mara moja. Igizo au filamu yenye bajeti ndogo tu inamlazimisha kulijaribu, na hapo ndipo anapojifunza. Anagundua kwamba asubuhi ya Julai Mbeya tarumbeta lililopoa hushuka sauti wakati nyuzi za chuma za gitaa zinapanda, kwa hiyo mpaka saa nne wawili hao hawaelewani, hata wapigaji wawe hodari namna gani. Dawa ni kupuliza pumzi ya moto ndani ya tarumbeta kwa dakika kadhaa bila kupiga, na kuanza kurekodi jua likishapanda. Anagundua kwamba ligombo halikutengenezwa kufuata kinanda, hivyo kwaya ichukue sauti kutoka kwenye ligombo na kinanda kinyamaze. Anagundua pia kwamba kuanzia Novemba hadi Aprili ukumbi wa bati haurekodiki alasiri kwa kelele za mvua. Hakuna kitabu cha nota kinachofundisha hayo.

Na Korngold hakuyaacha Hollywood aliyoyapata Hollywood. Konsato yake ya fidla, yaani kazi ya fidla moja mbele ya okestra, iliyopigwa mara ya kwanza na Jascha Heifetz huko St. Louis tarehe 15 Februari 1947, imejengwa kwa nyimbo alizoziandikia filamu nne: Another Dawn, Juarez, Anthony Adverse na The Prince and the Pauper. Ndiyo kazi iliyotukanwa mahindi. Leo wapigaji fidla wa dunia nzima wanaipiga, na wengi wao hawajawahi kuziona filamu hizo. Filamu zimechakaa, nyimbo zimebaki.

Aliwezaje? Hapa ndipo mabishano ya walimu wetu yanapokosea mlango. Mkataba wake na Warner ulimpa ruhusa ya kukataa filamu asiyoitaka na, kubwa zaidi, kuutumia tena muziki wake nje ya filamu. Bila kifungu hicho Heifetz asingekuwa na cha kupiga.

Linganisha na karatasi ya ukurasa mmoja anayosaini mtunzi wetu: amelipwa kwa mkupuo, haki zote ni za mtayarishaji. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya 1999 inalinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Mtunzi wa miaka 30 akisaini leo na akafariki na 70, wimbo wake umefungiwa miaka 90. Kwaya yake mwenyewe ikiuimba kwenye tamasha la Pasaka, kisheria imeazima mali ya mtu. Wajukuu zake watazeeka kabla haujawa huru. Kama kuna kuuza kalamu, ni hapo, na hakuna uhusiano wowote na kufuata picha.

Mtayarishaji naye si mwizi. Akipeleka filamu kwenye televisheni ataulizwa karatasi za muziki, na asipokuwa nazo filamu inarudi. Ana haki pia ya kutousikia wimbo wa filamu yake kwenye tangazo la sabuni wiki ileile. Yote hayo yanapatikana bila kuchukua kila kitu. Rekodi iliyofanywa kwa fedha zake ibaki yake. Wimbo wenyewe, yaani nota, ubaki wa mtunzi, naye ampe mtayarishaji ruhusa ya kuutumia katika filamu hiyo popote itakapoonyeshwa, na aahidi kutoupa filamu au tangazo jingine kwa muda uliotajwa, tuseme miaka mitatu. Kwaya, jukwaa na ibada vitajwe kwa maneno kuwa viko nje ya ahadi hiyo. Waimbaji na wapiga matarumbeta wasaini yao siku ileile ya kurekodi, maana wakishatawanyika kwenda Tukuyu na Mafinga huwapati tena. Na nakala ya nota yenye tarehe na jina la mtunzi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla faili la sauti halijaondoka mkononi mwake, kwa sababu likishaingia kwenye simu ya mhariri wa picha ni vigumu kuthibitisha nani alitangulia.